Alama Nyekundu kwenye Wodi ya Wazazi

Wifi yangu alipoingia wodini na kofia ngumu ya njano kichwani na nyundo ndogo mkononi, mama mmoja aliyekuwa ameanza uchungu aliniuliza kama na huyo ni mkunga. Nikamwambia hapana, huyo ni daktari wa majengo. Akamtazama wifi akigonga nguzo na kutega sikio, kisha akasema, "Afadhali. Angekuja kunigonga mimi hivyo, tungekosana."

Nilicheka, ila moyoni sikuwa na raha. Mimi ni mkunga katika hospitali hiyo ya umma, na katika wodi hiyo ya wazazi nimefanya kazi tangu nilipotoka chuoni. Ni jengo la zamani la ghorofa. Chini kabisa hakuna vyumba, ni ukumbi mpana ulio wazi pande zote, wenye nguzo tu, ambamo wajawazito hungoja zamu zao kwenye mabenchi huku upepo ukiwapunga. Juu ya ukumbi kuna vyumba vya kujifungulia, na juu zaidi wamelala waliokwisha kujifungua. Kwenye paa limekaa tangi kubwa la maji, nalo ni la zege. Aliyelichora jengo hilo na kusimamia ujenzi wake ni baba mkwe wangu, ambaye mji mzima unamwita Mzee Zege. Na aliyetumwa kulikagua ni binti yake wa kumzaa.

Mambo yalianza kwa wataalamu wa miamba. Tangu zamani tulijua kwamba nyuma ya kilima kuna mpasuko wa ardhi, lakini tuliambiwa umelala. Wataalamu wakaja, wakachimba mitaro, wakapima, wakasema haukulala hata kidogo. Unasogea polepole, na siku moja utasogea kwa kishindo. Lini, hakuna anayejua. Serikali ikatoa kanuni kwamba kila jengo la umma la zamani lililo karibu na mpasuko likaguliwe. Likionekana salama linabandikwa alama ya kijani, likihitaji marekebisho madogo linapewa ya njano. Likionekana linaweza kuwaangukia watu, linabandikwa nyekundu, na watu wanatoka humo mpaka liimarishwe.

Wifi aliomba kazi hiyo apewe mtu mwingine. Alimwambia mkuu wake waziwazi, "Lile jengo la baba yangu." Mkuu akamjibu kwamba wakaguzi wanahesabika kwa vidole na majengo ni mengi kuliko wao, kwa hiyo atakwenda, ila mwenzake mmoja atarudia vipimo vyote na watasaini wote wawili. Hapakuwa na pa kukwepea.

Mjini hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Shule ya zamani inaweza kupata nyekundu, walisema, na ofisi ya posta pia, ule ukuta wake umeinama tangu tukiwa watoto. Lakini wodi ya wazazi? Ile imejengwa na Mzee Zege.

Jioni hiyo wifi alikuja kula kwetu. Baba anaishi nasi tangu mama mkwe alipofariki, na wifi hukaa mtaa wa pili, kwa hiyo meza yetu huwa haikosi mtu wa kubishana naye. Baba alikuwa amechangamka. Alijipakulia, akamgeukia binti yake.

"Haya, mkaguzi. Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Vipimo bado, baba."

"Vipimo vya nini? Lile zege nililisimamia mwenyewe. Mkandarasi aliniletea mchanga wenye udongo, nikamrudishia lori zima. Alininunia mpaka tukamaliza paa."

"Hilo lori tumelisikia tangu tunanyonya," mume wangu akasema, na tukacheka, hata baba mwenyewe.

Wifi hakucheka. Alikuwa akizungusha chakula kwenye sahani bila kukila. "Baba," akasema, "zile ringi kwenye nguzo za chini, zimeachana kiasi gani?"

Mimi siyo mtu wa ujenzi, lakini katika nyumba ile utajifunza utake usitake. Ringi ni vyuma vyembamba vinavyozungushwa nje ya nondo ndefu za nguzo ili kuzishika pamoja, kama kamba inavyoshika mzigo wa kuni. Zikikaribiana, nguzo ikitikiswa inajikaza. Zikiachana sana, nondo zinachomoka kila moja na njia yake.

Baba aliweka kijiko chini. Akainua viganja vyake viwili mbele ya uso, akavitenganisha. "Hivi," akasema.

Wifi aliitazama ile nafasi kati ya viganja. Alikwisha kuipima mchana kwa kifaa chake. Nadhani alikuwa akiomba baba ampe jibu jingine, ili yeye ndiye awe amekosea.

"Na juu, nguzo inapokutana na boriti? Hamkuzisogeza karibu?"

"Hivyohivyo. Ndivyo kanuni ilivyotaka."

"Najua, baba. Kanuni ya wakati ule."

"Basi kama unajua, unaniuliza nini?"

Baba akakichukua tena kijiko, akamaliza kula. Nilipokuwa naondoa vyombo nilimkuta wifi bado ameketi, ameshika kikombe kilichokwisha kupoa. Nikamwuliza kama niongeze chai. Akasema, "Wifi, natamani angekuwa mwizi. Angekuwa amekula saruji ya watu, kazi yangu ingekuwa nyepesi."

Alama iliyobandikwa ilikuwa nyekundu.

Siku ilipobandikwa, watu walikuja kuitazama kama wanavyokuja kutazama ajali. Matroni wetu, mama mnene asiyepandisha sauti, aliisoma yote kuanzia juu mpaka chini. Ilisema jengo lihamwe kabla mwezi haujaisha. Ilieleza na sababu zake: ghorofa ya chini ni wazi, haina kuta za kusaidia nguzo, nguzo zina ringi chache, juu kuna uzito wa tangi. Matroni alivua miwani akaipangusa.

"Tuhamie wapi?" akaniuliza mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyebandika.

Hilo ndilo lilikuwa jambo. Hospitali nyingine iko ng'ambo ya kilima, na mama aliyeshikwa na uchungu hawezi kuambiwa asubiri. Nimewahi kumpokea mtoto kwenye kiti cha nyuma cha teksi, nje tu ya geti letu, dereva akiwa amefumba macho na kushikilia usukani kana kwamba gari litaondoka lenyewe. Mama yule alipona. Si wote wanaopona.

Nilimfuata wifi ngazini nikampa vidonge vyake.

"Wewe unahesabu nguzo, mimi nahesabu watu. Unataka wazae barabarani?"

"Sitaki wazae barabarani. Sitaki pia wafe wakiwa wamelala."

"Hilo tetemeko lako litakuja lini? Maana damu inaweza kumtoka mtu leo."

"Sijui lini. Ningejua lini, nisingehitaji kubandika kitu. Ningekuja siku hiyo nikawatoa." Akaketi kwenye ngazi, akavua ile kofia yake. Nywele zilikuwa zimemlalia kwa jasho. "Wifi, unadhani sijui kwamba hawana pa kwenda? Nimeandika barua ya kuomba mahema. Nimeomba magari. Sijajibiwa. Lakini siwezi kuandika kwamba nguzo ni nzima eti kwa sababu mahema hayajaja."

Nilijua anasema kweli, na hilo likazidi kunikasirisha. Nikapanda juu kazini nikamwacha amekaa palepale.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi. Baba hakugomba. Angegomba ingekuwa heri. Alianza kulia chakula chumbani kwake. Wifi akija, anaitikia salamu yake kisha anatafuta jambo la kufanya uani. Mume wangu alijaribu kuwapatanisha, akapewa kisogo na wote wawili. "Wamefanana," akaniambia. "Vichwa vigumu, na wote wanajiona wapole."

Siku moja nilimpelekea baba chai chumbani, nikamkuta amekaa kitandani na mikono magotini. Akaniuliza, "Na wewe unaogopa kuingia mle?"

"Nimeingia tangu niko msichana, baba."

"Sikukuuliza hilo."

Nikamwambia ukweli, kwamba kabla ya alama sikuwa nikiogopa, na sasa kila nikipita chini ya tangi natembea haraka. Alitikisa kichwa polepole, akapokea chai.

Tetemeko lilikuja asubuhi, jua limeshapanda, na wodi ilikuwa bado haijahamwa. Matroni alikuwa anavuta siku, akiandika kuomba muda, na sisi sote tulikuwa tunamwunga mkono kwa kukaa kimya. Nilikuwa na mzazi wa mara ya kwanza, msusi wa nywele mwenye vidole vyenye nguvu ajabu, aliyekuwa ameubana mkono wangu mpaka umekufa ganzi. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimeanza kuonekana.

Kwanza niliona taa ikicheza. Kisha meza ya vifaa, ile yenye magurudumu, ikaondoka peke yake ikaenda taratibu mpaka ukutani, kama mtu aliyekumbuka kitu. Vyuma vikagongana. Juu yetu maji yakawa yanapigapiga ndani ya tangi, sauti nzito, na kila yakipiga niliihisi kwenye meno.

"Sista," msusi akasema, "ni mimi ninayetetemeka au ni kitanda?"

"Ni dunia. Wewe sukuma."

Nilimwinamia, nikaweka mgongo wangu juu yake na kichwa chake chini ya kidevu changu. Sikuwaza lolote la maana. Niliwaza kwamba sijaanua nguo. Halafu ikatulia. Mtoto akatoka, wa kike, akalia kabla sijamgusa. Huko chini ukumbini watu walikuwa wanapiga kelele wakiita majina ya wenzao, na nikasikia sauti ya matroni ikiwataka watoke nje polepole, asikimbie mtu.

Hakuna aliyeumia. Jengo halikupata hata mstari. Mafundi wa hospitali walilizunguka mara mbili, wakagusa kila nguzo, wakarudi wanacheka. Mji mzima kilichoharibika ni vioo vya duka moja na ule ukuta wa posta, ambao hata bila tetemeko ulikuwa ukitafuta pa kuangukia.

Wifi alifika anahema, kofia imekaa upande. Alinikuta koridoni nikiwa nimebeba mashuka. Akanishika mabega, akanishika uso, akawa ananipapasa kama anayetafuta palipovunjika.

"Uko mzima?"

"Mzima," nikasema. "Na jengo lako nalo zima."

Nilisema kwa kuchoma, na nikaona limemwingia. Alishuka akaenda kukagua nguzo moja moja kwa tochi, huku watu waliokuwa uani wakimtazama. Mtu mmoja, sijui nani, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mpisheni Bibi Nyekundu apite." Jina likashika. Kufika jioni hata wauza matunda walikuwa wanalijua.

Kwa upande mwingine, baba mkwe alirudi kuwa mfalme. Watu walipita nyumbani kumpa mkono. Kinyozi wake alikataa kumwona akinyoa ndevu mwenyewe, akaja kumnyoa barazani. Siku iliyofuata ukaja ujumbe wa kamati ya hospitali, mwenyekiti na wenzake wawili, wamevaa makoti. Walimvika baba kilemba cha ukoka kabla hata hawajakaa.

"Mzee wetu," mwenyekiti akaanza, "kazi yako imejisemea yenyewe. Tetemeko limekuja, limeondoka, jengo limesimama. Kesho tuna mkutano pale hospitalini na watu wa serikali watakuwepo. Tunaomba usimame tu useme neno moja, kwamba jengo ni imara. Alama itaondolewa. Wewe ndiye uliyelijenga, nani atakubishia?"

Nilikuwa naweka vikombe mezani. Baba hakunitazama. Aliuliza, "Binti yangu mmemwalika?"

"Yeye ni mtu wa ofisi, atakuja na ofisi yake."

"Nitakuja," baba akasema.

Walifurahi. Walikunywa chai yote. Mimi nilikwenda jikoni nikasimama mbele ya karai la vyombo bila kuosha chochote. Nilijiambia kwamba nilichokuwa nakitaka kimepatikana: wodi itabaki, wanawake hawatapanda kilima na matumbo yao. Nilishangaa mbona sisikii furaha.

Kesho yake mkutano ulikuwa wa mchana, lakini baba alifika hospitalini mapema, nami nikiwa zamu. Niliambiwa kuna mzee ananiulizia chini. Nilimkuta ukumbini, kwenye nguzo moja ambayo watu wa wifi walikuwa wameibandua lipu ili kuangalia ndani. Zege lilikuwa wazi, na ringi zinaonekana, moja hapa na nyingine kule. Alikuwa amepitisha kidole kutoka ya chini kwenda ya juu.

"Ziko palepale nilipoziweka," akasema.

Nikadhani anajisifu. Nikamletea kiti, akakikataa, akaketi kwenye benchi katikati ya wajawazito. Ilikuwa siku ya kliniki. Wanawake walikuwa wamebanana kwenye mabenchi, wengine wamekaa sakafuni wamenyoosha miguu, wengine wamekuja na watoto wadogo wanaokimbizana kati ya nguzo. Baba aliwaangalia kwa muda mrefu.

"Huwa wanakuwa wengi hivi?"

"Leo ni wachache, baba."

"Na wanangoja mpaka saa ngapi?"

"Mpaka waishe."

Jina la mama mmoja likaitwa. Alikuwa mjamzito wa siku zake za mwisho, miguu imevimba imejaa kwenye ndala. Alishika ukingo wa benchi akajaribu kuinuka, akarudi chini. Akajaribu tena. Mwenzake akamshika mkono huu, na baba mkwe wangu, mzee mzima, akasimama akamshika ule mwingine. Wakamwinua. Mama yule akasimama kwanza, apate pumzi, kisha akaanza kuvuta hatua kwenda kwenye ngazi. Baba alimfuata kwa macho mpaka alipofika. Pale ngazini akapumzika tena.

"Nilipochora hapa," baba akasema, "niliandika 'ukumbi wa kungojea'. Nikachora na vibenchi." Akapapasa ubao wa benchi. "Sikuwahi kuja kukaa."

Mkutano ulifanyika uani, viti vya plastiki vimepangwa mbele ya jengo. Walikuwepo watu wa serikali, kamati, sisi wafanyakazi, na wananchi wengi waliokuja kuona Bibi Nyekundu akivuliwa nguo hadharani. Wifi alikaa pembeni na mwenzake wa ofisini, karatasi zake magotini. Alipopewa nafasi alieleza kwa kifupi, sauti ya kazi, akataja nguzo na ringi na tangi. Watu waligunaguna. Mmoja akauliza swali ambalo wote walikuwa nalo: kama ni bovu, mbona halikuanguka? Wifi akajibu kwamba tetemeko lile lilikuwa dogo na la mbali. Wakacheka. Ukishaona taa inacheza juu ya kichwa chako, huwezi kuambiwa lilikuwa dogo.

Mwenyekiti akamkaribisha baba. Makofi yakapigwa muda mrefu. Baba alisimama, akangoja yaishe.

"Nilijenga jengo hili nikiwa kijana," akasema. "Sikuiba mfuko hata mmoja wa saruji. Kanuni ilisema nini, nikafanya, na mahali pengine nikazidisha. Mtu akisema nililipua kazi, nitapambana naye, hata na uzee huu."

Makofi tena. Akainua mkono.

"Ngojeni. Sijamaliza, na mkishasikia hamtapiga makofi. Kanuni yetu ya wakati ule ilifikiria uzito unaoshuka chini. Watu, vitanda, maji, mvua. Uzito huo jengo linaubeba, na litaubeba hata wajukuu wenu wakiwa wazee. Hakuna aliyetuambia tujenge kwa ajili ya kusukumwa ubavuni. Tulidhani ule mpasuko umelala. Mchukue mtu aliyebeba ndoo kichwani, miguu imenyooka. Anaweza kusimama hivyo mpaka kesho. Sasa mpige kikumbo." Akaelekeza fimbo yake juu, kwenye tangi, kisha chini, kwenye ukumbi ulio wazi. "Ndoo ile pale. Miguu hii hapa."

Hakuna aliyeguna.

"Juzi jengo liliguswa bega. Binti yangu haulizi habari ya kuguswa bega. Anauliza habari ya kikumbo. Na mimi niliyezifunga zile ringi, nawaambia kikumbo hazikiwezi." Akakohoa, akaendelea. "Nilifanya kazi yangu vizuri, na jengo langu si salama. Yote mawili ni kweli. Mimi mwenyewe imenichukua siku nyingi kuyaweka pamoja, kwa hiyo siwalaumu nyinyi."

Kisha akageuka kule alikokaa wifi. Hakumwita mwanangu. Alisema, "Mkaguzi, kama nimekosea mahali, nisahihishe."

Wifi alisimama. Karatasi zilimwanguka, hakuziokota. "Hujakosea, Mhandisi," akasema, na akakaa haraka.

Mwenyekiti alikuwa anatazama viatu vyake. Matroni akasimama, akavua miwani kama kawaida yake.

"Nimekuelewa, mzee," akasema. "Lakini wanawake wangu hawataacha kuzaa wakingoja mafundi. Nauliza tena nililouliza tangu mwanzo. Tuhamie wapi?"

"Hilo ndilo tulipaswa kulijibu siku ya kwanza," baba akasema. "Tulikuwa tunagombania karatasi." Akaelekeza fimbo upande wa pili wa uwanja, kwenye ukumbi wa mafunzo ambao wanafunzi wa uuguzi walikuwa wakiutumia. "Jengo lile ni la chini, kuta zake fupi, paa lake bati na mbao. Mkaguzi, mmelipima?"

"Tumelipima. Ni kijani."

"Halina maji," matroni akasema. "Halina pazia, halina pa kuchemshia vifaa, na mlangoni kuna ngazi. Kitanda cha magurudumu kitapitaje?"

"Ngazi nitaiwekea mteremko wiki hii," fundi wa hospitali akasema kutoka nyuma, yule yule aliyezunguka jengo akicheka.

Ikawa hivyo. Mkutano ulioitishwa kuondoa alama uligeuka kuwa mkutano wa matroni kudai vitu, na mtu wa serikali aliyekuwa na haraka ya kuondoka alijikuta anaahidi bomba la maji mbele ya watu wote. Nadhani aliogopa zaidi ile miwani kuliko tetemeko.

Jioni niliporudi nyumbani niliwakuta baba na binti yake barazani. Wifi alikuwa anamkata baba kucha za miguu, jambo ambalo mama mkwe alikuwa akilifanya zamani, na baba alikuwa anatazama barabara. Niliwapita nikaingia ndani. Baadaye nilimwomba wifi radhi kwa lile neno la koridoni. Akasema alishalisahau. Nikamwambia mwongo. Akasema, "Basi nitalisahau kesho," tukacheka.

Kuhama hakukuwa rahisi, nisije nikalipamba. Ukumbi wa mafunzo ulikuwa mdogo. Tulitenganisha vitanda kwa mapazia, na aliye upande huu alisikia kila kitu cha upande ule. Mvua ikinyesha, bati lilipiga kelele mpaka ukimwambia mtu asukume anadhani umemwambia apumzike. Wanawake wengine walilalamika, na walikuwa na haki. Ila hakuna aliyepandishwa kilima kwa sababu ya alama ile.

Mafundi walianza na tangi. Walilibomoa kipande kwa kipande, wakaweka mapipa ya plastiki chini, nyuma ya jengo. Halafu nguzo. Kila moja ilivishwa nondo mpya na ringi zilizobanana, kisha zege jipya juu ya la zamani, ikatoka nene kama mtu aliyevaa koti juu ya koti. Katikati ya zile nguzo za chini wakajenga kuta kadhaa nzito kutoka sakafuni mpaka juu. Baba alikuwa akienda kila siku. Alimsumbua mkandarasi, kijana mpole, mpaka siku moja wifi akamfukuza eneo la kazi kwa kukosa kofia. "Hata kama ni wewe uliyeweka jiwe la kwanza," akamwambia mbele ya vibarua. Kesho yake baba alirudi na kofia mpya, imeandikwa jina la duka la rangi.

Tulirudi wodini kabla ya msimu mwingine wa mvua. Alama ilibadilishwa. Watu walikuja kuitazama nayo, ingawa siyo wengi kama mara ya kwanza, kijani haivutii. Baba alizunguka ukumbi wa chini akigusa kuta mpya. Nilijua kilichomuuma. Ule uwazi alikuwa akiupenda, ndio aliokuwa akiusifia kwa wageni, na sasa ukumbi ulikuwa na giza kidogo na upepo ulikuwa unaingia kwa kuombwa.

Joto lilipozidi, wajawazito wakaanza kujipepea kwa kadi za kliniki na kuuliza ni nani aliyeziba pale. Nilifanya kosa la kulisema hilo tukiwa mezani.

"Unaona," baba akamwambia wifi. "Nilikwambia. Ukitoboa matundu pale juu, chini ya boriti, hewa inapita yenyewe."

"Ukitoboa pale, baba, umeukata ukuta mahali unapofanya kazi."

"Madogo."

"Hata madogo. Labda katikati."

"Katikati hewa ya moto haitoki. Hewa ya moto inakaa juu, au nayo mmeipa kanuni mpya?"

"Leta kalamu," wifi akasema.

Baba alikuwa nayo mfukoni. Akageuza gazeti upande usio na maandishi mengi, akaanza kuchora, na binti yake akainuka akaenda kusimama nyuma ya bega lake, akinyoosha kidole na kusema hapana, siyo hapo, sogea. Mume wangu aliniangalia. Nikavuta bakuli la mchuzi likae mbali na viwiko vyao, nikaendelea kula.